Namna ya kupanga siku ya gofu na ndugu na washkaji mpaka iwe stori ya miaka

Kama unataka siku ya gofu ambayo ukoo mzima utaikumbuka, anza kwa kujiuliza nani ndio mbovu kuliko wote kwenye hilo kundi halafu siku nzima ipange kwa ajili yake. Sitanii. Nimekaa na wacheza gofu wa kila aina, wenye handikapu za kutisha (namba ya kupimia kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndio mkali) na wale ambao wakipiga tu mpira kedi wao, yule kijana wa kubeba begi, anaangalia vichakani moja kwa moja, na ukiwauliza siku gani hawaisahau hakuna anayekutajia siku aliyomaliza mashimo 18 kwa mikwaju 74 tu, wanakutajia siku shangazi aliyekuja kwa ajili ya chai tu akapewa pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akaishika kama mwiko wa kusongea ugali, akazamisha mpira kutoka ng'ambo ya grini (yale majani mafupi yenye shimo) huku mwanae mwenye begi la mamilioni amekosa kuingiza kutoka hatua mbili. Hizo ndio stori zinazorudi kila msiba na kila harusi.

Tatizo siku hizi zinapangwa na yule anayejua gofu, na yeye anazipanga kama anaenda fainali. Mashimo 18, kila mtu na mpira wake, kila mkwaju unahesabiwa. Ikifika shimo la tano binamu kashapiga mikwaju hamsini na kitu, jua linawaka, wifi kaishia kwenye gari anachati, na nyuma yenu kuna kundi la wazee wa klabu wamesimama mikono kiunoni wanasubiri mpite. Hapo kumbukumbu ipo ndio, ila sio unayoitaka.

Uwanja kwanza. Kwa Arusha, Gymkhana ipo mjini kabisa kwa hiyo mtu anayechelewa (na atakuwepo) anafika kwa bodaboda. Mkitaka kutoka nje ya mji kuna Kili Golf upande wa Usa River, uwanja uliochorwa na David Jones, yule wa Ireland Kaskazini aliyewahi kuchukua mashindano ya Kenya Open mwaka 1989, na siku ikiwa safi unauona Meru na Kilimanjaro, jambo ambalo kwa ndugu waliotoka Dar ni nusu ya safari. Moshi kuna klabu ya mjini na kuna TPC kule kwenye mashamba ya miwa. Dar mna Gymkhana jirani na bahari, ambapo upepo utakufundisha adabu, na mna Lugalo ambao ni wa jeshi, umetunzwa vizuri na kila kitu kinaenda kwa muda. Zanzibar pale Mangapwani kuna Sea Cliff, mashimo tisa tu, na mimi kwa familia yenye watoto naupenda mno huo mpango kwa sababu wakichoka bahari ipo. Mkiwa Kenya upande wa Pwani kuna Mombasa Golf Club ule uliopo juu ya bahari kabisa, kuna Nyali, kuna Vipingo kwa wenye uwezo. Na ukiwa na watoto wanaosoma jiografia wapeleke Mount Kenya Safari Club kule Nanyuki, ikweta inapita mle mle uwanjani, mtoto anapiga mpira kutoka kaskazini ya dunia unatua kusini, hiyo hatakaa asahau hata akiwa hajawahi kushika fimbo tena.

Piga simu kabla. Mwambie mtu wa ofisi ya gofu ukweli wote, kwamba mpo wangapi, wangapi hawajawahi kucheza, na kwamba mnataka mashimo tisa kwa starehe. Uliza kama kuna mashindano siku hiyo, uliza bei ya wageni, kodi ya fimbo, malipo ya kedi, na kama mnatakiwa muwe na mwanachama wa kuwaingiza maana klabu zingine ni lazima. Uliza na mavazi. Sehemu nyingi wanataka shati lenye kola, jinzi hawataki, na mjomba wenu mmoja atakuja na jezi ya Simba au Yanga kwa hiyo beba shati la akiba, ukubwa wa kwake.

Muda mimi napendekeza saa tisa alasiri. Jua limeshaanza kupoa, makundi ya asubuhi yameshamaliza yapo kwenye bia, na mashimo tisa kwa mwendo wa familia ni masaa mawili na nusu hivi kwa hiyo mnamaliza mwanga upo bado wa kupiga picha. Masika jihadhari, sio mvua tu, radi. Ikiungurama mara moja tu mnatoka wote uwanjani hakuna kubishana, mtu ameshika chuma mkononi katikati ya uwanja wazi sio sehemu ya kuonyesha ushujaa. Arusha mwezi wa sita na wa saba nako asubuhi kuna baridi na wingu zito, mlima hamuuoni, ndio sababu nyingine ya kwenda jioni.

Sasa mchezo wenyewe, hapa ndio penye uzito. Msicheze kila mtu na mpira wake. Chezeni skrembo. Inakwenda hivi: mnagawana timu za watu wanne, wote wanne wanapiga kutoka kwenye tii (sehemu ya kuanzia shimo), mnaangalia mpira upi umekaa pazuri, mnauchukua huo, wale wengine watatu wanaokota ya kwao wanakuja kupiga kutoka hapo hapo, mnachagua tena uliokaa vizuri, hivyo hivyo mpaka mpira uingie shimoni. Timu inaandika alama moja tu. Uzuri wake ni kwamba mbovu akipiga vibaya hakuna anayejua wala kujali, mpira wake unaokotwa tu maisha yanaendelea, lakini siku akipiga mmoja mzuri, na kila mtu anapiga mmoja mzuri kwenye mashimo tisa, timu nzima inatembea mpaka kwenye mpira WAKE na wanapiga kutoka kwenye mpira WAKE. Umeona hapo? Yule injinia anayejua gofu anapanga fimbo zake nyuma ya mpira wa dada yake mdogo. Ongeza sheria moja, kwamba kila mwanatimu lazima mpira wake wa kutoka kwenye tii utumike angalau mara moja kwenye hayo tisa. Bila hiyo sheria mjuzi anapiga peke yake wengine wanageuka washangiliaji.

Kuna wale washkaji ambao bila kuhesabu kila mtu chake hawalali. Hao wape Stableford. Ni mfumo wa pointi, uliletwa na daktari mmoja Muingereza, Frank Stableford, ukatumika kwenye mashindano kwa mara ya kwanza pale klabu ya Wallasey mwaka 1932, na mantiki yake ni kwamba ukiharibu shimo moja usibebe mzigo wake mpaka nyumbani. Ukipata pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo hilo) unachukua pointi 2, bogi (mmoja zaidi) 1, bedi (mmoja pungufu) 3, igo (miwili pungufu) 4, na ukivuruga zaidi ya bogi unapata sifuri unaokota mpira wako unaenda shimo linalofuata. Handikapu inaingizwa humo humo, asiye mkali anapewa mikwaju ya nyongeza, kwa hiyo mzee wa miaka sabini anaweza kumpiga kijana kihalali kabisa. Kwa watu wazima wenye ushindani nafikiri hakuna mfumo bora, ila kwa mgeni kabisa bado nasema skrembo.

Kugawa timu usimwachie mtu. Fanya mwenyewe usiku kabla, kimya kimya. Mke na mume wasikae timu moja, hili naliweka kama sheria kwa sababu nimeona mwanaume mpole kabisa akimfundisha mkewe kuzungusha kiuno mbele ya wakwe na jioni ile haikuwa nzuri. Changanya rika. Babu na mjukuu, shemeji na yule binamu asiyeongea, mshkaji wako wa kazini na mama mdogo. Watu ambao nyumbani wanasalimiana tu shikamoo marahaba basi, hapa wanalazimika kujadiliana mpira upi wachukue, babu anasema ule wa kulia, mjukuu anasema hapana babu pale kuna banka ya mchanga mbele, na babu anakubali. Mjukuu wa miaka kumi na moja ameshinda hoja mbele ya babu yake! Wewe ulifanikiwa hilo lini?

Na fikiria, gofu yenyewe kupiga ni sekunde. Kwenye masaa mawili na nusu mtu anapiga labda dakika tano jumla, muda wote uliobaki ni kutembea bega kwa bega mkiangalia mbele. Ndio maana watu huongea mambo uwanjani ambayo sebuleni hayatoki. Kwa hiyo usikodi vigari kwa kila mtu. Kodi kimoja au viwili kwa wazee na wenye magoti mabaya, wengine watembee. Wazee nao wasipandishwe wawili wawili peke yao, mpandishe mzee na kijana awe dereva (kama klabu inaruhusu umri wake), stori zitakuja zenyewe.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika fimbo, waite nusu saa mapema na uanzie kwenye grini ya mazoezi, sio kwenye driva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Anzia shimoni. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, mwambie aweke mpira hatua moja aingize, halafu mbili, halafu tatu. Dakika kumi tu ameshaingiza mingi na ameshaanza kucheka. Ndio unampa aini saba, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, unamwambia piga nusu tu, kama unafagia majani, na unanyamaza. Driva iache kwenye buti la gari kabisa. Mtu mpya akiiona ataitaka, akiitaka atapiga kwa nguvu zake zote, atachimba shimo na mgongo utauma wiki nzima. Watoto wapige kuanzia katikati ya feawei (njia ya majani kati ya tii na grini), hakuna haja ya kuwasimamisha tii ya nyuma walie.

Usalama semeni mara moja kabla ya kuanza. Hakuna mtu kusimama mbele ya anayepiga, hata pembeni mbele hapana, na watoto wakae nyuma mbali maana fimbo inazunguka kote na ni chuma. Mpira ukielekea kwa watu mnapiga kelele "FOO!" kwa sauti ya kuuzia samaki, na ukiisikia wewe usigeuke kuangalia, inama funika kichwa.

Halafu kuna sheria za nyumbani. Vitabu rasmi vinasema mpira uliopotea unatafutwa dakika tatu, zamani ilikuwa tano wakapunguza 2019. Nyie dakika moja inatosha, weka mwingine hapo twende. Shimo moja mwisho mikwaju nane, ukifika nane okota. Fimbo mwisho 14 kwenye begi, ingawa kwa familia nne zinawatosha: pata, aini tisa, aini saba na moja ya mbao. Na sheria niipendayo kuliko zote, atakayemfundisha mwenzake bila kuombwa timu yake inaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Tangaza hii mbele ya kila mtu na mteue shangazi mwenye sauti awe refa wa hilo. Utaona wajuzi wanavyoteseka, mtu anafungua mdomo anaufunga, kiganja kimenyanyuka kinashuka.

Kedi. Watu wanawachukulia kedi kama wabeba mizigo, wakati yeye ndio anaujua huo uwanja kuliko nyie wote na mara nyingi anacheza vizuri kuliko huyo mwenye begi. Wacheza gofu wengi wa kulipwa huku kwetu walianza kwa kubeba mabegi ya wengine. Mpe kedi mzoefu yule mchezaji mbovu, sio mjuzi. Kedi mzuri ana namna ya kumwambia mama mtu mzima "lenga ule mti mama, taratibu, usiogope" na mama anasikia, wakati ungemwambia wewe mwanae angekujibu vingine. Mkubaliane malipo kabla ya kuanza, mlipe hapo hapo mkimaliza, na akae kwenye chakula nao. Kwenye picha awepo, na jina lake liandikwe, maana baada ya miaka mtaulizana yule kijana aliyetuonyesha mstari pale shimo la saba aliitwa nani na hakuna atakayejua.

Ambayo inanileta kwenye kutunza. Picha kila mtu anapiga, mia tatu zinakaa kwenye simu na simu inaibiwa Kariakoo. Chagua shimo moja, lenye mandhari nzuri, na hapo mpige picha ya wote, kila mwaka hapo hapo na mpangilio ule ule. Mwaka wa kwanza haina maana yoyote, baada ya miaka kadhaa unaona mtoto alikuwa usawa wa begi sasa anamzidi baba yake. Skoakadi, ile karatasi ya kuandikia alama, usitupe. Ikimaliza kazi igeuze nyuma, andika tarehe, nani walikuwepo, na kitu kimoja kilichotokea, kwa kalamu, kabla ya kuondoka klabuni. "Mjomba kapiga mti, mpira umerudi, umempita yeye mwenyewe." Inatosha, ukisoma hiyo sentensi kesho kutwa yote inarudi. Mpira wa aliyefanya maajabu uchukue, mwambie asaini kwa kalamu ya wino mzito, uweke kabatini. Na wazee warekodi sauti, sio kwa kuwakalisha mbele ya kamera waulizwe maisha yao, watakauka hao. Mnatembea kutoka shimo la nne kwenda la tano, simu ipo mkononi, umemwambia kabisa mzee narekodi, unamuuliza tu enzi zenu hapa palikuwaje. Utapata vitu.

Kama kuna mtu mmeondokewa ambaye alikuwa anapenda gofu, siku hii ni mahali pake. Mwaka 2024 yalianzishwa mashindano ya Lina PG Tour kumuenzi marehemu Lina Nkya aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya wanawake, na yakazungushwa kwenye viwanja mbalimbali nchini. Nyie hamhitaji ukubwa huo. Chukueni fimbo moja ya marehemu, hata kama ni ya zamani kishikio kimechakaa, na kwenye shimo moja la pa 3 kila mtu apige mkwaju wake wa kwanza kwa fimbo hiyo. Aliyekaribia shimo anaondoka nayo, anaitunza kwake mpaka mwakani. Nimeliona hili likifanyika na sikutegemea kwamba watakaogombea vikali hiyo fimbo ni wajukuu ambao hawakuwahi kumuona mwenyewe.

Wapo wasiotaka kupiga kabisa, wasilazimishwe. Wape kazi ya refa, ya kamera, ya kuhesabu. Au siku nyingine fanyeni safari ya kuangalia tu, mwendeni Kenya Open jijini Nairobi, ipo tangu 1967, nguli wa Hispania Seve Ballesteros aliichukua 1978 mwaka mmoja kabla hajashinda British Open yake ya kwanza, na tangu 2019 ni sehemu ya ligi kubwa ya Ulaya kwa hiyo wanaokuja sio wa mchezo mchezo. Kumuona mtu anapiga mpira umbali ule ukiwa umesimama hatua chache tu, huo mlio, kwenye tivii haupo. Mtoto akitoka hapo ataomba fimbo mwenyewe.

Mkimaliza kuna shimo la 19, yaani baa ya klabu, kila mcheza gofu analijua, halina bendera. Agizeni chakula pale pale mnapofika ili mkitoka kiwe tayari, maana watu wakikaa lisaa wanasubiri nyama wanaanza kuondoka mmoja mmoja na ndio kipindi ambacho stori zinapikwa. Ndafu kama bajeti inaruhusu, kama hairuhusu kuku na ndizi za kukaanga, hakuna atakayelalamika. Zawadi ziwe za kijinga. Timu iliyoshinda mchele kilo tano, aliyetembelea banka nyingi apewe koleo, aliyepoteza mipira mingi apewe tochi, na jogoo mzima mzima kwa timu ya mwisho, wajue wenyewe watampakiaje kwenye gari. Mkipata aliyeingiza kwa mkwaju mmoja, desturi ya gofu kote duniani inasema yeye ndio ananunulia watu vinywaji, kwa hiyo mwambieni mapema awe na akiba kwenye simu, japo mbona hatapata.

Hela ya mwakani ianze kukusanywa siku hiyo hiyo. Weka kibubu mezani, kila aliyeingia kwenye banka anatumbukiza elfu moja, aliyefundisha bila kuombwa elfu mbili, aliyevaa jezi elfu tano. Mtunza kibubu awe mtu ambaye hakucheza, na tarehe ya mwakani itajwe kabla watu hawajanawa mikono, iandikwe kwenye skoakadi ile ile. Mkisema tutapanga kwenye grupu la WhatsApp basi imekufa.